Nukta Mbele ya Jina

1.

CHUO CHA UUGUZI MTONDOO
OFISI YA TAALUMA

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Bi. Nakijwa Mgonja, Karani Mwandamizi, unaarifiwa kuwa umesimamishwa kazi kuanzia leo Jumanne kwa tuhuma ya kuvujisha mtihani wa Famakolojia, Karatasi ya Pili. Utafika mbele ya Kamati ya Nidhamu siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Endapo tuhuma zitathibitika, utakabidhi nyumba ya chuo Na. 4 kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, ikiwa tupu na imefagiliwa.

Nakutakia utekelezaji mwema.

E. Shemweta
Mkuu wa Taaluma


2.

Ikiwa tupu na imefagiliwa. Nimelirudia hilo mara nne, na kila mara nauona mlango wa jikoni wa nyumba namba nne, ule wenye alama za penseli. Nakijwa alikuwa akiwapima wanawe urefu pale kila Krismasi, miaka kumi na tisa. Sijui anayefagia anafagiaje penseli.

Mimi naitwa Mwantumu Hiza. Stendi ya Korogwe ukiuliza hivyo watakukodolea macho. Uliza steshenari ya Mama Kadi. Nina benchi mbili, birika la kahawa, printa moja nzima na moja ya kubembeleza, na kompyuta mbili, nyeusi na nyeupe. Watu hawaji kwangu kuchapa tu. Wanakuja kukaa. Anayekuja kutoa nakala ya cheti saa tatu, saa sita bado yupo, anajua nani kaposwa na nani kaghairi. Nakijwa alikuwa akija kila alasiri akitoka kazini. Anakaa pembeni pale, hasemi sana, anasikiliza.

Haya, kaa basi. Sogea kidogo, huyo naye akae.


._2

Ambacho Mwantumu hakukiandika hapo juu:

mtihani haukutoka kwa Nakijwa.

Mwantumu anajua ulitoka kwa nani. Anajua tangu Jumanne saa nne.


3.

Kompyuta nyeupe aliniachia sista mmoja Mholanzi alipokuwa anarudi kwao. Ina programu ya kadi ambayo mji mzima hapana mwingine mwenye nayo. Herufi zake zina mikia, maua yanajipanga yenyewe pembeni. Harusi, sendofu, ubatizo, vyote humo.

Ina kasoro moja. Ukiichomekea flashi, inaacha vitu. Kila faili inaloligusa inalitengenezea jingine dogo, jina lilelile, ila mbele lina nukta na kistari. Kwenye nyeupe yenyewe hulioni. Nenda sasa kachomeke flashi kwenye kompyuta nyingine inayoonyesha vilivyofichwa, ndipo utaona PICHA YA REHEMA, na chini yake ._PICHA YA REHEMA. Ukilibonyeza halifunguki. Watu wakawa wanarudi wamenuna. Dada, umenipa virusi. Pakaanza kuitwa Duka la Virusi, na aliyelianzisha jina hilo ni shemeji yangu mwenyewe, anayekula kwangu.

Ndiyo nikaanza kuosha. Kabla sijakurudishia flashi yako naichomeka kwenye nyeusi, natafuta kila chenye nukta mbele, nafuta. Nikawa nasifika kwa usafi.

Sikujua nafuta nini.


._3

Unafuta mimi.

Sina picha, sina maneno. Ninachokijua ni kimoja: faili hili lifunguliwe na nani. Mtu akiiambia ile kompyuta nyeupe, hili lifunguliwe daima kwa programu ya kadi, faili lenyewe halibadiliki hata herufi. Amri anaandikiwa pacha. Naandikiwa mimi.

Faili likiondoka, mimi nafuata. Faili likifutwa, mimi

sifutwi, mpaka mtu ajue kuwa nipo.


4.

TAARIFA YA FUNDI WA KOMPYUTA KWA KAMATI

(a) Flashi iliyokamatwa bwenini Jumapili kwa mwanafunzi Editruda Komba ina faili liitwalo DAWA KARATASI II.

(b) Pembeni yake kuna faili lililofichwa, ._DAWA KARATASI II.

(c) Faili lililofichwa limebeba amri kwamba hilo la kwanza lifunguliwe daima kwa programu ya kutengenezea kadi za sherehe.

(d) Programu hiyo haipo kwenye kompyuta yoyote ya chuo. Hapa mjini naijua ilipo moja tu, steshenari ya stendi, ambako karani aliyeuchapa mtihani huu huketi kila siku.

(e) Faili lililofichwa halisemi ni nani aliyetoa amri.

Zefania Lukindo, Fundi

[Kwenye nakala iliyosomwa mbele ya walimu, kipengele (e) hakikuwepo. Nakala hiyo ilichapwa upya Ofisi ya Taaluma.]


5.

Turudi nyuma, Alhamisi ya wiki iliyopita. Siku hiyo duka lilifurika. Kamati ya sendofu ya binti wa Mwalimu Shemweta ilihamia kwangu yote, watu kumi na mmoja na ubishi wao. Mwenyekiti anataka zambarau. Shangazi mtu anasema zambarau imepauka kama vazi la kukodi, yeye anataka dhahabu. Nami katikati, nafurahi kweli, maana siku kama hizo ndizo zinazonifanya niamke.

Mwalimu akavua flashi shingoni. Huivaa kwenye kamba ya bluu pamoja na funguo za ofisi, haivui hata msibani. Akanipa, akasema picha ya binti imo humo, hakumbuki imeitwaje.

Hakuna mteja anayekumbuka faili lake limeitwaje. Kwa hiyo nina mtindo wangu. Flashi ya mtu naimwaga yote mezani, yaani pale kwenye uso wa kompyuta nyeupe, halafu tunatafuta pamoja, benchi zima likichungulia na kutoa maoni. Siku hiyo mafaili yakagoma. Naligusa hili, kompyuta inaniuliza nilifungue kwa programu gani. Naligusa lile, swali lilelile. Shangazi yuko sikioni kwangu na dhahabu yake.

Nikachoka. Nikayachagua yangali kwenye flashi, nikaamuru yafunguliwe daima kwa programu ya kadi.

Yapi?

Yote.

binti kasimama
binti kakaa
binti kasimama 2 macho wazi
ratiba ya mshereheshaji
barua ya kuomba ukumbi
hotuba ya baba rasimu ya tatu
binti na marehemu bibi yake
DAWA KARATASI II
nyimbo za kuingilia
nyimbo za kuingilia mpya

na mengine, jumla arobaini na matatu. Ukipitisha jicho haraka hulioni. Mimi nilipitisha haraka. Nikayamwaga mezani, tukapata macho wazi, shangazi akashinda.


._5

Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Amri moja. Tulizaliwa mapacha arobaini na watatu.

Kuanzia dakika hiyo mtihani wa Famakolojia, ukiubonyeza, unataka kufunguka kama kadi ya mwaliko.

(Kanuni ya mitihani ya chuo, ya pili: mtihani hautoki nje ya chumba cha uhakiki, kwa mkono wa yeyote, kwa sababu yoyote. Chini kuna sahihi: E. Shemweta.)


6.

MAELEZO YA MWANAFUNZI

Jumamosi nilikwenda dukani kuchapa ripoti yangu ya wodini. Mama Kadi alikuwa anahangaika na printa, akaniambia mwanangu kaa kwenye nyeupe ujihudumie. Faili lilikuwa pale mezani, katikati ya picha za bibi harusi. Sikulitafuta. Nikajua ni mtihani wa zamani. Nikalihamishia kwangu nikajisomee. Nikafika bwenini nikalifungua, nikaona tarehe, halafu

[Mwanafunzi alilia. Imeandikwa kwenye kumbukumbu: "Anakiri kuwa alipatiwa mtihani dukani."]


7.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, hata komeo la pili sijafungua, Mwalimu Shemweta huyu hapa. Hakukaa. Mtu asiyekaa kwenye benchi langu ana jambo, hilo nalijua, lakini asubuhi ile sikutaka kulijua. Alinisalimia kwa adabu zake zote. Aliuliza mguu wangu. Akasema kadi zimesifiwa mpaka Muheza, na sasa kama sitajali niviondoe vitu vyake kwenye mashine, si vizuri picha za mtoto wa kike kukaa hadharani.

Nikasema moyoni, huyu ndiye baba.

Nikafuta.

Mbele yake. Kapu la taka nalo nikalimwaga, yeye amesimama nyuma yangu, midomo inacheza kama anayesoma namba za bahati nasibu. Akanishukuru. Akaondoka na kamba yake ya bluu inaning'inia.

Jumanne saa nne, Nakijwa akapewa barua.

Nikaunganisha.


8.

(Yaliyosikika benchini, Jumatano)

— Nakijwa huyuhuyu wa kwaya?

— Huyuhuyu. Wakimya ndio wenyewe hao.

— Mimi sisemi kitu. Ila kila siku alikuwa hapo hapo ulipokaa wewe.

— Basi nihame.

— Mwantumu, leo kahawa tu? Habari hatupati?

— Mwacheni, anaumwa.

— Anaumwa wapi, mdomo?


9.

Alikuja alasiri hiyohiyo, saa yake ileile. Benchi likakumbuka kila mmoja ana safari. Hawakuaga vizuri.

Nakijwa akakaa pembeni pale pale. Akaniuliza kama nina maboksi ya karatasi matupu, yale magumu, maana vyombo vya udongo vinataka boksi gumu. Nilikuwa nayo manane. Nikayapanga mlangoni moja moja, polepole, ili kazi isiishe, maana ikiisha tutatazamana.

Ikaisha.

"Shoga," akasema, "miaka kumi na tisa unanieleza mambo ya watu nisiowajua. Nani kaachika, nani kavaa gauni la kuazima. Nimesikiliza yote. Leo nakuuliza langu. Nani aliuleta ule mtihani?"

Nikamwambia

nitakutafutia kamba ya kufungia.

Akayatazama maboksi, akayabeba mawili mawili, safari nne. Hakutaka nimsaidie.


._9

Ambacho Mwantumu hakukisema kina silabi tatu.

Akikisema itabidi aseme na mtindo wake wa kumwaga mafaili ya watu mezani, barua zao za talaka, majibu yao ya hospitali, na nani atakaa tena kwenye benchi hizo? Ushahidi aliufuta kwa kidole chake, mwenyewe akishukuriwa. Na mji mzima unaujua mdomo wake. Umetoa mengi mno. La kweli likitoka litakaa benchi moja na yale mengine, halitatofautishwa.


10.

Zefania fundi alipita jioni kabla sijafunga, anataka wino. Nikamshika mkono. Nikamwambia nieleze hivyo vidude vyenye nukta, taratibu, kama unamweleza mtu asiye na haraka. Akaona raha, hakuna anayemuulizaga. Akanieleza habari za pacha mpaka nikaelewa. Kwamba siyo kirusi. Kwamba ni faili linavyokumbuka limfuate nani. Kwamba ukilifuta faili kwenye kompyuta yoyote isiyokuwa ile nyeupe, pacha anabaki peke yake kwenye flashi, yatima, kimya, na mwenye flashi hana habari.

Nikauliza, tuseme mtu kafuta alichokiona tu.

"Basi kafuta nusu," akasema Zefania. "Labda wewe uwe umemwoshea. Si unaosha flashi zote?"

"Zote."

"Hata siku duka limefurika?"


11.

Ninachokikumbuka kuhusu kamba ya bluu, Alhamisi ile, baada ya kadi:

kwamba ilikuwa juu ya meza, karibu na birika

kwamba shangazi aliinua birika ili ajimiminie, huku anaongea

kwamba kahawa ilimwagika juu ya kadi za mfano, nikarukia tambara

kwamba kabla ya hapo nilikuwa nimeshaichomeka kwenye nyeusi, nikatafuta zenye nukta, nikafuta

kwamba kabla ya hapo nilikuwa sijaichomeka

kwamba Mwalimu aliivaa mwenyewe

Naikumbuka mikono yangu ikifanya. Lakini mikono yangu inafanya hivyo kila siku. Naweza kuikumbuka ikiosha hata flashi ambazo hazijazaliwa.


12.

Na wewe uliyekaa hapo, usinitazame hivyo. Wewe cha mwisho kukifuta kilikuwa nini? Una uhakika kilikwenda?

Haya.


13.

MUHTASARI WA KIKAO CHA KAMATI YA NIDHAMU, ALHAMISI

Agenda Na. 3. Shahidi, Bi. Mwantumu Hiza, mfanyabiashara, aliitwa kuthibitisha kuwa mtuhumiwa huketi dukani kwake kila siku.

Shahidi alithibitisha.

Shahidi alishukuriwa na kuruhusiwa kuondoka.

Shahidi hakuondoka.


14.

Chumba kina meza ndefu na maji ya chupa. Mkuu wa Chuo kakaa kichwani mwa meza, mama mnene mwenye miwani mbili, moja puani na moja nyweleni. Kulia kwake Mwalimu Shemweta, ndiye anayesoma karatasi. Zefania na kompyuta ya chuo mwisho kabisa. Nakijwa kapewa kiti ukutani, peke yake, kavaa gauni la kwaya.

Nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi tangu alfajiri.

"Mtihani ulikuja kwangu. Aliyeumwaga mezani ni mimi, na huyu binti Editruda aliukuta kwa uzembe wangu mimi. Liandikeni jina langu lote. Ila haukuja na Nakijwa. Ulikuja shingoni mwa mtu, kwenye kamba ya bluu."

Kalamu ya karani wa kikao ikasimama. Kisha mwalimu mmoja akacheka kidogo puani, na mwingine akamwambia jirani yake, Mama Kadi na habari zake. Nilikuwa nimekwisha kulitegemea hilo. Nisichokitegemea ni jinsi Shemweta alivyokuwa mpole. Hakukasirika hata kope. Alimgeukia Mkuu, akamkumbusha kwamba huyu mama ndiye aliyeeneza mwezi uliopita kwamba yeye Shemweta anahamishiwa Tabora kwa aibu, na mkewe kalia siku mbili kwa jambo ambalo halikuwepo.

Nakijwa akainamisha kichwa. Alikuwepo nilipolisema.

"Ni kweli," nikasema. "Nililisema na lilikuwa uongo. Ndiyo maana leo sitaki mniamini. Chomekeni flashi."

Shemweta akasema yake ina mambo ya familia, binti anaagwa keshokutwa. Mkuu wa Chuo akateremsha ile miwani ya nyweleni, akamtazama kwa miwani mbili.

"Mwalimu," akasema, "weka mezani."

Kamba ilinasa kwenye sikio. Akaitoa taratibu, akaiweka, na funguo zikalia juu ya mbao. Uso wake ulikuwa shwari. Mtu shwari hivyo kesha kukagua. Kesha kufuta alichokiona, akahesabu akaridhika. Alijua kufuta. Kama alijua na kuosha, au kama niliosha mimi

Zefania akachomeka. Kioo kikageuziwa kamati. Binti kasimama. Binti kakaa. Binti na marehemu bibi yake. Hotuba ya baba, sasa rasimu ya saba. Tulihesabu wote, hata yule aliyecheka. Arobaini na mawili.

Mtihani haumo.

Shemweta akaegemea kiti. Akachukua chupa yake ya maji, akaizungusha kifuniko.

"Fundi," Mkuu akasema, "ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo yanayoonekana, Mama."

Akasogeza kishale juu, kwenye kona ambako mtu wa kawaida haendi. Pakafunguka orodha, na chini ya orodha kijisanduku kitupu cha kuwekea tiki. ONYESHA VILIVYOFICHWA. Hapo ndipo kifuniko cha chupa kiliposimama. Mwalimu alikuwa anakisoma kijisanduku kile kama anakisoma mara ya kwanza maishani.

Nilimtafuta Nakijwa. Hakuwa anatazama kioo, wala hakuwa anamtazama Shemweta. Alikuwa anaitazama mikono yangu, niliyoishikanisha mbele ya kanga, na nilijua anachokiwaza, maana alikaa mita moja kutoka kwenye mikono hiyo miaka kumi na tisa, ameiona ikichomeka, ikitafuta, ikifuta, haikosi hata mara moja. Yeye ndiye aliyekuwa akinisifia usafi.

Nikaomba, kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka, niwe nilikuwa mchafu.

Zefania akaweka tiki.


._14

Tupo arobaini na watatu.